Nimesomea akiolojia, moyo uko msituni: nianzie wapi?

SWALI

Shikamooni wakubwa zangu wa safu hii,

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, mkazi wa Lindi mjini. Nina shahada ya kwanza ya akiolojia. Tangu nimalize chuo ninaishi kwa mikataba mifupi: kampuni za ushauri hunichukua nitembee mbele ya miradi ya barabara na njia za umeme, niangalie kama kuna vigae vya vyungu, makaburi ya kale au magofu kabla greda halijapita. Mkataba ni wa wiki chache, kisha nakaa nyumbani miezi. Nikiwa mwanafunzi nilifanya msimu wa uchimbaji Kilwa. Nafahamu kupima kwa GPS, kuchora ramani kwa QGIS na kujaza fomu za matabaka ya udongo.

Kazi hiyo imenipitisha misitu mingi ya mkoa wetu, na huko ndiko moyo ulikohamia. Nimeona msitu uliofunga ukigeuzwa shamba la ufuta ndani ya mwaka mmoja. Nataka utafiti wa uhifadhi wa misitu uwe ndiyo kazi yangu, si kupita tu nikiangalia chini.

Nimeomba nafasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya afisa misitu. Sikufika hata kwenye usaili kwa sababu shahada yangu si ya misitu. Ya pili ilikuwa ya msaidizi wa utafiti kwenye mradi mmoja. Niliitwa, nikaambiwa nitaje miti kumi ya pwani kwa majina ya kisayansi. Nilitaja mitatu nikakwama.

Mjomba anasema nirudi chuoni nianze na astashahada ya misitu. Rafiki zangu wanasema nimeshachelewa. Naomba mnieleze: ni lazima nianze upya? Nina pengo gani hasa? Na hiyo akiolojia niliyoisomea, ndiyo nimeipoteza?

Msomaji wenu,
Lindi mjini

JIBU

Marahaba, mdogo wetu.

Tuanze na la mjomba, maana ndilo linaloweza kukuchukulia miaka. Usirudi kwenye astashahada, wala usisome shahada ya kwanza mara ya pili. Mjomba ana haki kwa upande mmoja: ukitaka cheo cha Afisa Misitu, iwe cha halmashauri au cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, tangazo hudai shahada ya misitu, na kwa lengo hilo Sokoine ndiyo njia. Lakini wewe umeandika "utafiti". Kwenye utafiti wa misitu wamo watu wa botania, jiografia, takwimu, uchumi wa vijijini na historia. Mlango wake ni shahada ya uzamili pamoja na uzoefu wa porini unaoweza kuthibitishwa kwa maandishi, na nusu ya uzoefu huo tayari unao. Miaka 29 si kuchelewa. Watu wengi huingia uzamili wakiwa na umri huo na zaidi.

Pengo lako halisi ni lile lililokukwamisha kwenye usaili. Hujui miti. Waliokuuliza swali lile hawakukuonea, kwa sababu jina la mti likikosewa kwenye fomu, hakuna hesabu itakayofanyika baadaye ikalirekebisha. Jipe kiangazi kimoja kwa kazi hii peke yake, Juni hadi Oktoba, barabara zikiwa zinapitika.

Anza na miti 50 ya misitu ya pwani na miombo ya kwenu, si 300. Usikariri orodha. Jifunze familia na dalili za kushika mkononi, kwa kuwa siku nyingi utakutana na mti usio na ua wala tunda. Majani yanatazamana au yanapishana? Jani ni zima, au ni kikonyo kimoja chenye vijani vingi? Ukikwangua gome kwa ncha ya panga, kunatoka utomvu wa rangi gani, na una harufu gani? Mvule, Milicia excelsa, hutoa utomvu mweupe mzito. Mninga, Pterocarpus angolensis, hutoa utomvu mwekundu. Msandarusi, Hymenaea verrucosa, kila jani lake lina vijani viwili tu. Mkongo, Afzelia quanzensis, utautambua hata kwa kutazama chini: maganda magumu na mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu. Mpingo, Dalbergia melanoxylon, una miiba na shina lake mara nyingi limepindapinda. Kwa jamii ya mibuni, angalia katikati ya majani mawili yanayotazamana: kuna kigamba kidogo kinachounganisha vikonyo. Ukikiona hicho umeshapata familia, na kupata familia ni nusu ya safari. Tayari hapo una mitano ya kujibu usaili ujao, lakini usiishie kwenye usaili.

Nenda na mzee anayejua miti. Lindi na Mtwara hawa wapo, hasa waganga, warina asali na waliowahi kufanya kazi ya kupasua mbao. Mlipe ujira wa siku, maana ujuzi wake ni kazi. Andika jina analolitaja kama anavyolitamka, ukiweka lugha na kijiji: Kimwera cha Rondo, Kimakonde cha Newala, Kimatumbi, Kingindo. Hapa ndipo wageni wengi huharibu data. Wanaandika jina la kienyeji, wakifika mjini wanatafuta kwenye orodha ya zamani jina la kisayansi linalolingana, wanaweka. Kumbe jina hilo hilo bonde la pili ni la mti mwingine, au jina moja linabeba spishi mbili tatu zinazofanana. Usibadilishe jina la kienyeji kuwa la kisayansi bila kuwa na sampuli iliyothibitishwa.

Sampuli nzuri ni tawi la urefu wa takriban sentimita 30, lenye majani yaliyokomaa na, ikiwezekana, ua au tunda. Chukua nakala 3 kutoka mti uleule: moja ibaki kwako, mbili zipelekwe kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa, iwe ile ya taifa iliyoko Arusha au ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Zipe namba moja, na namba hiyo hiyo iandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, viwianishi, mwinuko, urefu wa mti, rangi ya gome na utomvu, na rangi ya ua likiwa bichi, kwa sababu likikauka rangi hupotea. Laza tawi ndani ya gazeti, geuza jani moja lionekane upande wa chini, kisha bana katikati ya mbao. Unyevu wa pwani yetu ni adui. Usipobadilisha magazeti kila siku kwa siku nne za mwanzo, ukungu utaingia, na miti ya jamii ya mikunde itapukutisha vijani vyote ubaki na vijiti. Ukiwa kambini bila pa kukaushia, funga rundo la magazeti, lilowanishe kwa spiriti, litie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Litakaa wiki kadhaa salama mpaka ufike mjini. Rangi itaharibika, ila majani hayatapukutika.

Kupima miti hakutakusumbua sana, kwani umezoea utepe, dira na fomu. Hata hivyo yapo mambo ambayo watu wa akiolojia huyakosea sana, nasi tunakutajia ili usiyajifunze kwa hasara.

Kubwa kuliko yote ni mahali pa kuweka ploti, yaani kieneo unachokipima na kuhesabu miti yote iliyomo. Katika akiolojia umefundishwa kufuata dalili: unaona vigae, unasogea, unaweka shimo. Ukifanya hivyo msituni utaweka ploti pale miti ilipo mikubwa na pa kutembea ni pazuri, na jibu lako litasema msitu una utajiri usiokuwepo. Panga ploti zako kwenye QGIS kabla hujaondoka nyumbani, kwa gridi au kwa bahati nasibu, halafu uende mpaka kwenye nukta hiyo hata ikiangukia kwenye kichaka cha upupu. Isipofikika kabisa, andika sababu. Usiisogeze kimyakimya.

Kipenyo cha mti hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Usikisie kwa kimo cha kifua chako. Kata fimbo ya mita 1.3 utembee nayo. Kwenye mteremko, simamisha fimbo upande wa juu wa mti. Shina likigawanyika chini ya mita 1.3, hesabu mashina mawili. Likigawanyika juu yake, hesabu moja. Mti wenye mizizi iliyopanda na kutanuka pembeni hupimwa sentimita 50 juu ya inapoishia mizizi hiyo, na kimo ulichopimia unakiandika ili atakayerudi miaka mitano baadaye apime palepale. Utepe upite chini ya mimea inayotambaa kwenye shina, si juu yake.

Zipo tepe zinazosoma kipenyo moja kwa moja, na zipo za kawaida zinazosoma mzingo. Mzingo wa sentimita 31.4 ni kipenyo cha sentimita 10. Kosa la kuchanganya hivi viwili ni la kawaida kuliko unavyodhani, na madhara yake ni makubwa. Chukua kanuni inayotumika sana katika misitu ya kitropiki, iliyochapishwa mwaka 2014: uzito mkavu wa mti kwa kilo, ambao ndio msingi wa kukadiria kaboni, ni 0.0673 mara (uzito mahsusi wa mbao, mara kipenyo kwa kipeo cha pili, mara urefu) kwa kipeo cha 0.976. Mti wa kipenyo cha sentimita 30, urefu wa mita 15 na mbao ya uzito mahsusi 0.6 hutoa kilo 439 hivi. Mzingo wa mti huo huo ni sentimita 94.2. Mwandishi akiuweka kwenye safu ya kipenyo, mti utapata tani 4.1, zaidi ya mara tisa. Miti michache ya namna hiyo inatosha kupotosha makadirio ya kaboni ya kijiji kizima, na wakati huu ambapo vijiji vinafuatwa na wanunuzi wa kaboni, kosa hilo linaingia kwenye mikataba ya watu.

Tathmini ya taifa ya misitu, NAFORMA, ilitumia ploti za duara zenye nusu kipenyo cha mita 15, miti midogo ikipimwa kwenye duara za ndani na mikubwa tu ikihesabiwa hadi ukingoni. Umbali huo ni wa usawa, si wa kufuata ardhi. Mteremko ukiwa nyuzi 20, kamba yako inapoelekea juu au chini inatakiwa iwe mita 15.96. Ukiiacha 15, ploti imepungua asilimia 6 na hutajua kwa nini hesabu zinagoma. Mti ulio mpakani unahesabiwa ikiwa katikati ya shina lake ipo ndani.

Jambo la ramani pengine umeshakutana nalo. Ramani za zamani za 1:50,000 zimejengwa kwenye mfumo wa viwianishi wa Arc 1960, na GPS yako inasoma mfumo mwingine, WGS84. Tofauti yake kwetu ni takriban mita 300. Kwa gofu la Songo Mnara unaliona kwa macho, utajirekebisha. Kwa mpaka wa msitu wa kijiji, mita 300 ni mashamba ya watu. Mikoa yetu yote miwili iko kanda 37 Kusini. Kwenye QGIS tumia EPSG:32737 kwa data zako na EPSG:21037 unapoingiza ramani ya zamani.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo kwetu ndilo zito. Akiolojia hujaipoteza. Wanaotafiti misitu yetu ya kusini wengi wanajua miti kuliko utakavyoijua wewe kwa miaka kumi ijayo, lakini hawajui umri wa msitu wanaosimama ndani yake. Huona miti mirefu wakaandika "msitu wa asili usioguswa". Wewe ukiingia humo humo utaona kigae, jiwe la kusagia, mavi ya chuma, mkwaju na mbuyu vimesimama pamoja, mwembe katikati ya pori. Hayo ni mahame, makazi yaliyoachwa na watu.

Fikiria historia ya Kilwa na Liwale peke yake. Vita vya Majimaji na njaa iliyofuata, 1905 hadi 1907, viliondoa watu sehemu kubwa. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilihamisha watu wa Liwale kutoka maeneo yaliyoingizwa kwenye pori la Selous. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, 1973 hadi 1976, ikawatoa watu kwenye makazi yaliyotawanyika ikawaweka barabarani. Hivyo msitu mmoja unaweza kuwa na vipande vya miaka 120, 80 na 50, na kila kipande kimerudisha miti kwa mwendo wake. Anayetaka kujua mpingo au mkongo unarudi baada ya muda gani ardhi ikiachwa, jibu lipo hapo, lakini ni lazima kwanza mtu aweze kuweka tarehe. Kazi ya kuweka tarehe ni yako.

Na unajua pia kwa nini maabara haitatosha. Kipimo cha kaboni 14 kwa vitu vya baada ya mwaka 1650 hutoa majibu mapana yanayoingiliana, kwa hiyo kwa mahame ya karne ya 19 na 20 utategemea shanga za kioo, vigae vya sahani kutoka Ulaya, chupa, na kumbukumbu za wazee. Mtaalamu wa misitu akiokota kipande cha sahani hakimwambii kitu. Kwako kinafunga miaka.

Sandarusi, utomvu mgumu wa msandarusi, nayo ni mfano mzuri. Karne ya 19 sehemu kubwa ya sandarusi iliyouzwa kutoka pwani hii haikugemwa mtini, ilichimbwa ardhini, na mara nyingi mahali pasipokuwa na msandarusi hata mmoja. Maana yake msitu ulikuwepo pale ukatoweka. Swali la lini na kwa nini haliwezi kujibiwa na anayepima miti iliyo hai pekee. Kule Amazon, watu wa akiolojia waliofuatilia udongo mweusi wa makazi ya kale ndio waliowalazimisha wanaikolojia kufikiri upya juu ya msitu waliouita bikira. Kazi ya namna hiyo kwenye misitu ya pwani yetu bado ni kidogo ukilinganisha na ukubwa wa swali.

Tukuonyeshe utafiti wa uzamili unavyoweza kukaa. Chukua mahame 10 ya Operesheni Vijiji ndani ya msitu wa hifadhi wa kijiji, Kilwa au Liwale. Kila hame weka ploti 3 ndani yake na 3 za kulinganisha, walau mita 500 kutoka hapo, pasipo na mabaki yoyote. Jumla ploti 60. Kikundi cha watu wanne, yaani mwandishi, mshika utepe, mtaja miti na mfungua njia, kikizoea kitamaliza ploti 3 kwa siku, kwa hiyo siku 20 za kazi pamoja na akiba ya kuugua, mvua na gari kuharibika. Udhaifu wa mpango huu ujue mapema, kwa kuwa mtahini atauona: watu walijenga karibu na maji na kwenye udongo mzuri, hivyo tofauti ya miti inaweza kuwa ya udongo, si ya makazi. Chagua ploti za kulinganisha zenye mteremko na umbali wa maji unaofanana, na chukua udongo wa sentimita 20 za juu kila ploti. Rekodi pia umbali wa barabara, maana karibu na barabara wapasua mbao na wachoma mkaa wamepita juzi. Rekodi visiki vyote, pamoja na makadirio ya ubichi wake.

Kwa chuo, angalia uzamili wa tathmini na usimamizi wa maliasili kwenye Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao umejengwa kupokea watu wa fani tofauti, na kozi za maliasili za Sokoine. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kulipa ada ya maombi. Lakini usiombe ukiwa huna swali. Andika kurasa 2 za mpango kama huo hapo juu, mtafute msimamizi anayefanya kazi kwenye misitu ya pwani, mtumie. Msimamizi aliyekubali kabla hujadahiliwa ana thamani kuliko nafasi kwenye kozi yenye jina kubwa.

Ukichagua kubobea zaidi, yapo maungio mengine. Anayejua kutambua mkaa wa kale kwa hadubini, kwa kuuvunja pande tatu na kusoma mishipa ya mbao, anaweza kutambua ubao na mkaa wa leo ambao hauna jani wala gome. Ujuzi huo ni adimu na vituo vya ukaguzi vinauhitaji. Mninga nao huweka pete za mwaka zinazohesabika, jambo lisilo la kawaida kwa miti ya nchi za joto. Haya yaache yakae mpaka uwe umemaliza miti 50.

Sheria zisikupite kwa kuwa sasa unasimama katikati ya fani mbili. Kibali cha kupima miti si kibali cha kuchimba. Ukikuta vigae ndani ya ploti, piga picha, chukua viwianishi, viache. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka leseni kabla jembe halijaingia. Ukiwa mwanafunzi, chuo hukupa barua ya kibali cha utafiti. Ukiwa nje ya chuo ni COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Barua hiyo inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa Mtendaji wa Kata, hadi kijijini. Msitu wa hifadhi ya serikali kama Rondo unahitaji pia ruhusa ya TFS. Msitu wa kijiji, chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, mwenyewe ni kijiji: omba kwa serikali ya kijiji na Kamati ya Maliasili, ueleze unachotafuta, nenda na watu wao wa doria. Makaburi na sehemu za matambiko uliza kabla hujaingia. Mahame mengi yana makaburi ya babu za watu hao hao unaotembea nao.

Kuhusu kazi ya kwanza, wasifu wako unakuangusha bila wewe kujua. Ukiandika "nilishiriki uchimbaji Kilwa", msomaji wa mradi wa misitu anapita. Andika ulichofanya kwa lugha inayotumika pande zote mbili: kilomita ngapi za transekti (mistari ya ukaguzi) ulizotembea, zilipishana mita ngapi, uliongoza watu wangapi, data ziliingizwa kwa programu gani, ramani ngapi ulizitoa, vikao vya vijiji ulivyoendesha. Ongeza programu ya takwimu ya R kwa kiwango cha kuchora grafu na kulinganisha makundi mawili, na KoboToolbox kwa fomu za simu. Weka namba za sampuli zako zilizopokelewa kwenye hifadhi ya mimea. Hizo ni ushahidi ambao waombaji wengi hawana.

Peleka maombi kwa wanaofanya kazi eneo lako. Kilwa kuna Shirika la Mpingo, MCDI, ambalo mwaka 2009 lilipata cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, kwa ajili ya misitu ya vijiji. Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, TFCG, limewahi kuendesha kazi ya misitu ya vijiji Lindi. Miradi ya wanafunzi wa uzamivu huhitaji wasaidizi kila kiangazi, na mara nyingi nafasi hizo hazitangazwi. Omba Februari na Machi, wakati bajeti za kiangazi zinapangwa, si Julai watu wakiwa wameshaingia porini. Kumbuka pia ikifika Oktoba vijana wa kijijini wako kwenye korosho, na hutapata wa kubeba utepe kwa ujira wa Julai.

Mkataba wa kupima barabara usiuache kwanza, ndio unaolipa magazeti na nauli. Ila kila utakapotembea mbele ya greda, ongeza safu moja kwenye fomu yako binafsi: miti mitano mikubwa iliyo karibu na kila mabaki, kipenyo chake na jina la kienyeji. Muombe kwanza aliyekuajiri akuruhusu kwa maandishi kutumia data hizo kwenye masomo yako, kwa sababu bila barua hiyo hazitakuwa zako.